Ua la Mtoni na Vigingi vya Serikali

Mwezi uliopita mlinifanyia sherehe ya kuniaga pale kitaluni. Mlinipa blanketi, mbuzi na saa ya ukutani. Saa sikuielewa, maana mtu anastaafu ndiyo asiulizwe tena ni saa ngapi. Mbuzi nilimwelewa vizuri, na kufikia Jumapili hakuwepo tena. Mkiwa bado na mifupa mkononi, mliniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa, kwa sababu mlisema nikiongea naanza hadithi tatu na kumaliza moja. Basi nimeandika. Mambo ya vyeo sitayataja, kwa kuwa vilikuwa vichache na vyote vilichelewa njiani.

Niliajiriwa kuotesha miche ya miti huko juu vilimani, na miche nimeotesha. Lakini nikisema ukweli, roho yangu niliitumia zaidi kwa ua ambalo hakuna aliyenituma kulitunza. Mnalijua. Ni lile la rangi ya waridi linaloota ukingoni mwa kijito kinacholisha kitalu, lenye kimkia kwa nyuma na shina laini lililojaa maji. Watu wa ofisini wana jina lake la Kilatini, ambalo nimelisikia mara nyingi na sijawahi kulimaliza. Sisi tuliliita ua la mtoni. Hata hilo neno mto ni sifa tu, maana ni kijito ambacho mtu mzima anakiruka akiwa amebeba karai.

Siku yangu ya kwanza nilipanda mlima nimevaa viatu vya kanisani. Nyapara wetu alikuwa Mzee Kimanthi, mtu mfupi na mkavu, aliyevaa koti la mvua hata Januari. Aliviangalia viatu vyangu, akanipa chekeche na kunionyesha rundo la udongo wa msituni. Nilichekecha mpaka jioni. Kesho yake nilikuja na akala, zile za tairi, na hapo ndipo aliponisalimu.

Mzee Kimanthi hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno. Alikushika kidole akakiingiza kwenye udongo wa mche. Kikitoka kikavu, mwagilia. Kikitoka na matope, acha. Kipimo hicho hakina betri na hakijawahi kupotea. Keni ya kumwagilia ilikuwa moja ya maana, na kile kichwa chake chenye matundu alikichomoa kila jioni akaenda nacho nyumbani mfukoni mwa koti, ili asitokee mtu wa kumwagilia miche bila yeye kuwepo. Mkewe aliniambia baadaye kwamba alikilaza mezani karibu na Biblia.

Kila mfanyakazi mpya alitumwa mtoni. Mimi niliambiwa niende kwenye yale maua, nitafute kitunda cha kijani kilichonona, nikibonyeze polepole nione kama kimeiva. Nilikibonyeza. Kilipasuka vidoleni mwangu kikanirushia mbegu usoni, na maganda yake yakajikunja kama mnyoo. Niliruka nyuma nikaingia majini na akala zangu zote mbili, nikiamini nimeumwa na kitu ambacho hakina dawa. Niliposikia kitu kinakohoa nyuma ya mti, kumbe ni Mzee Kimanthi anacheka. Huo ndio uliokuwa usaili. Waliokasirika hawakudumu kazini, na mimi nilicheka, ingawa si siku hiyo.

Baada ya hapo ndipo aliponieleza. Ua lile halipandwi kila mwaka kama maharagwe. Kiangazi kikiwa kikali, majani hulala chini ukadhani limekufa, na mvua ya kwanza ikinyesha linaamka kutoka kwenye mizizi ile ile. Linajirushia mbegu lenyewe, na shina likigusa matope linatoa mizizi hapo hapo bila kuuliza. Na halikai mbali na maji. Bomba la kitalu lilipokauka mwaka mmoja, Mzee Kimanthi alihamisha mdomo wa bomba hadi mahali ambapo maua yalisongamana zaidi, na maji yakaja. Tangu hapo ikawa sheria kwamba upande ule panga halinyanyuliwi.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Kulikuwa na mzee mmoja kutoka Muthetheni aliyesafiri asubuhi nzima kuja kututaka mche usiotaka maji, usiotaka kivuli, usiotaka kuangaliwa, na uzae mwaka huo huo. Mzee Kimanthi alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote. Akamwambia kwamba mche wa namna hiyo ungekuwepo, haungekubali kukaa Ukambani na watu kama sisi. Wakacheka wote wawili, na yule mzee akaondoka na miche ya kawaida ambayo ilitaka maji.

Na yule kijana wa Syokimau mnamkumbuka, wa gari jeupe. Alikuja matembezi, akang'oa shina moja la ua la mtoni kwa ajili ya roshani yake ya ghorofani, nami nikamkuta tayari analo mkononi. Nikaona badala ya kugombana nimwambie tu kwamba linataka kivuli na maji, nikampa na nambari yangu, jambo ambalo nimelijutia kwa raha. Alinipigia wiki iliyofuata. "Mzee, niaje. Hii maua yako imezimia." Nikamuuliza ameliweka wapi. Kumbe alilianika juani ili majirani walione. Nikamwambia alitoe juani, alimwagilie, halafu asiliangalie kwa muda. Jioni akapiga tena kuniambia limeamka, kumbe lilikuwa linamchezea tu. Tangu siku hiyo nimekuwa daktari wa mgonjwa ambaye sijawahi kumtembelea, na kila Januari lazima anizimie mara moja.

Mzee Kimanthi alipostaafu alinipa kile kichwa cha keni, akakifuta kwanza kwa koti. Tulikuwa tumesimama pale mtoni. Akaniambia, "Miti iko na wenyewe. Kila mtu anataka mbao, anataka kuni. Hii maua haina mtu, Mutisya. Wewe ndio mtu yake." Nikaitikia kwa kichwa. Amekwisha kutangulia mbele ya haki, na mpaka leo sijampata mwingine wa kunicheka kwa kukohoa. Ninamkosa sana.

Sasa nifike kwenye lile jambo ambalo ninyi mlilisikia nusu nusu, kwa kuwa wengi wenu hamkuwa mmeajiriwa.

Siku moja nilikuta vigingi. Vilikuwa vya mbao, vimepakwa rangi nyekundu kichwani, vimepigwa kwa mstari ukingoni mwa kijito kutoka darajani hadi nyuma ya kitalu, katikati kabisa ya maua. Mkuu wa kituo akanieleza kwamba inakuja barabara ya kupanda hadi mnara wa simu. Kijito kingetiwa kwenye bomba, na ukingo wote ungejazwa mawe. Sikulala vizuri. Kitalu kilikunywa kutoka pale, na nyumba zote za chini zilichota pale. Kijito kikienda, kitalu kinakwenda, na mimi ningemaliza miaka yangu iliyobaki nikimwagilia maua ya plastiki ya ofisi fulani mjini.

Kulikuwa na tumaini moja. Kabla barabara haijaanza, angekuja mtaalamu wa mimea kutoka Nairobi, Daktari Wairimu, pamoja na mhandisi wa barabara. Kama daktari angekuta mmea wa asili wa ukingo ule, unaoota wenyewe mahali pake, barabara ingesukumwa juu mlimani. Kama asingekuta kitu, kazi ingeendelea. Nilifurahi mno. Kitu cha kumwonyesha tulikuwa nacho, tena kimesongamana hadi majini.

Nikaenda kwa Mama Syombua. Yeye ni mwenyekiti wa mwethya, kile kikundi cha akina mama wanaochimbiana matuta na kujengeana mabwawa ya mchanga kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Sauti yake inavuka bonde bila msaada wa upepo. Nikamweleza polepole kwamba wageni wanakuja kuona ua la mtoni, na wakiliona kijito kimepona. Nikamwomba akina mama wawepo, wageni wajue maji yana wenyewe. Akaniambia, "Baba Mwende, hiyo wachia sisi." Mtu mwenye akili angesikia sentensi hiyo akahamia mtoni na blanketi. Mimi nilishukuru, nikaenda nyumbani kula muthokoi.

Asubuhi ya wageni nilitumwa mjini kununua soda na maji ya chupa. Niliporudi nilikuta hema limesimama karibu na lango, viti vimevikwa vitambaa, na akina mama wamevaa leso za sare. Na kuzunguka hema lote kulikuwa na maua. Yalikuwa kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia iliyopakwa chokaa, kwenye mabeseni, kwenye sufuria iliyotoboka, na moja lilikuwa ndani ya gambuti, kile kiatu kirefu cha mpira. Yalipendeza kweli. Nilimsifu Mama Syombua, nikamuuliza maua mengi namna hiyo wameyapata wapi.

"Si ni ile ya mto," akasema.

Nikaweka soda chini.

"Umeona vile kuko huko chini?" akaendelea, bado anatabasamu. "Ni matope. Daktari atoke Nairobi na viatu yake mzuri, ashuke huko? Mgeni anakaa kwa kiti, kitu inaletwa."

Na ninyi mnajua alisema kweli. Kwetu mgeni hapelekwi shambani kuangalia hindi kwenye bua, analetewa limechemshwa. Mkwe akija kwa ajili ya mbuzi, ni mbuzi anayetembea kwenda kwa mkwe. Mgeni akiinuka kitini kufuata kitu, ukoo mzima umeaibika. Wale akina mama walikuwa wamefanya heshima kubwa kuliko zote wanazozijua, tena bila kuombwa.

Nilishuka mbio. Ukingo ulikuwa umefagiliwa. Udongo mtupu, mwekundu, na mistari ya ufagio imepita sawasawa kama uwanja wa nyumba siku ya Krismasi. Hata mawe ya kukanyagia yalikuwa yamepakwa chokaa. Nilikaa juu ya jiwe moja, na ndipo nilipogundua chokaa ilikuwa bado mbichi.

Mama Syombua alinifuata. Nikamwambia kwamba hawa wageni hawataki kuona ua tu, wanataka kulikuta likiishi hapa, kwenye matope haya haya, na kama hapa hakuna kitu basi hapa ni barabara. Akaniuliza, "Kwa nini hukusema hivyo?" Nikamwambia nilisema. "Ulisema wanakuja kuona maua. Hukusema wanakuja kuona matope."

Simu ikalia. Alikuwa dereva, akasema wamepita Mumbuni na wanapanda.

Hapo nikaona mwethya ni kitu gani. Mama Syombua aliita mara moja, na akina mama wakajipanga mteremko wote kutoka hemani hadi majini, mikebe ikapita mkono hadi mkono, na wimbo ukaanzishwa na mtu ambaye hata sikumwona. Wa chini walichimba kwa vijiti, wengine wakafukia. Mimi nilisimama ndani ya kijito na keni, namwagilia chochote kilicholegea, maana jua lilikuwa limeshayapiga na mengi yalikuwa yamezimia kama lile la Syokimau. Mlango wa gari uliposikika juu, ua la mwisho lilikuwa linashindiliwa. Yalianza kuinua vichwa. Nikashusha pumzi, nikageuka kuutazama ukingo wote.

Yalikuwa kwenye mistari.

Mistari iliyonyooka, nafasi sawa, na kila shina limezungushiwa kisahani cha udongo cha kushika maji. Mikono iliyochimba matuta tangu usichana haijui kupanda kombo. Nilimwomba Mama Syombua avuruge kidogo. Akaniuliza kama nimewahi kuona mwanamke mwenye akili zake akiharibu mstari.

Daktari Wairimu alikataa kiti. Alifungua buti la gari, akatoa gambuti zake mwenyewe zenye matope ya zamani, akazivaa na kuteremka moja kwa moja, mhandisi nyuma yake akishika vichaka. Akina mama waliziangalia zile gambuti, halafu wakamwangalia mwenyekiti wao, na mwenyekiti akawa anaangalia mawingu.

Daktari alisimama mbele ya mistari kwa muda.

"Haya maua," akasema, "yana nidhamu."

Akauliza yamepandwa lini. Nilifungua mdomo bila kujua ungetoka uongo gani, lakini Mama Syombua hakuniachia nafasi. Akasema, "Saa hii. Tulikuwa tumeyatoa ndio usichafuke. Huyu akatugombanisha, tukarudisha."

Daktari alicheka mpaka akashika mti. Kisha kicheko kikamwisha, na nikaona uso wake umebadilika. Akatueleza kwa upole kwamba kilichopandwa kwa mkono hawezi kukiandika kuwa kimeota chenyewe, hata sisi sote tukijua kilikuwa hapa jana. Nikamwambia maua haya yalikuwepo kabla sijaajiriwa, yalikuwepo kabla ya kitalu. Akasema, "Nakuamini, mzee. Lakini siwezi kuandika kwamba nimekuamini. Naandika nilichoona." Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililouma. Nilimkumbuka Mzee Kimanthi, nikaona aibu mbele ya mtu aliye kaburini. Mhandisi akaangalia saa. Akina mama waliinamisha vichwa, na mmoja akaanza kufuta machozi kwa leso.

Daktari hakuondoka. Alitembea ukingoni taratibu, akapita mistari, akapita mawe meupe, akafika kwenye kona. Huko akasimama.

"Na haya je?"

Tulimfuata. Kulikuwa na kigingi, kichwa chekundu. Na kukizunguka, maua ya mtoni yalikuwa yamesongamana duara zima, yameegemeana ovyo, mashina mapya juu ya makavu ya mwaka jana, mengine yametia mizizi majini. Ufagio ulikuja hadi pale, ukazunguka, ukaendelea na safari yake. Mbele kulikuwa na kigingi kingine, na duara lingine. Na kingine. Mstari wote wa barabara ulikuwa umevaa maua. Mimi niliposhuka asubuhi nilikuwa nimeona yaliyoondoka tu, macho hayakutaka kuona yaliyobaki.

Daktari akauliza mbona haya hawakuyatoa. Akina mama wakatazamana kama watu walioulizwa jambo la aibu mbele ya padri.

"Daktari," akasema Mama Syombua, "hiyo kigingi ni ya serikali. Ukiigusa ni korti. Sisi tulifagia yenye ni yetu peke yake."

Mtu wa kwingine angedhani ni mzaha. Lakini huku kwetu ndugu wa tumbo moja wamemaliza ng'ombe wakishtakiana kwa sababu ya alama ya mpaka iliyosogea kidogo. Mtoto hufundishwa asiguse kigingi kabla hajafundishwa kusali. Na kama kigingi cha baba mdogo hakiguswi, cha serikali ni nani angekisogelea na jembe?

Daktari Wairimu alipiga magoti matopeni. Alipenua mashina, akamwonyesha mhandisi mizizi ya zamani, minene, na miche midogo iliyoota yenyewe chini yake. Akamwambia kwamba kwa miaka yote ya kazi yake hajawahi kuona mtu wa barabara akimwekea alama mahali pa mmea vizuri namna hiyo. Mhandisi aliutazama mstari wa vigingi vyake, kila kimoja na shada lake. Alijikaza, alijikaza, kisha akacheka, ingawa barabara ilikuwa yake. Hapo tu ndipo walipokubali kukaa kwenye viti, na soda ikanywewa.

Miezi ikapita, kisha habari ikaja. Barabara ilisukumwa juu, nyuma ya mikaratusi, na ndiyo ile yenye kona kubwa ambayo madereva wa malori wanailaani bila kujua walaani nani. Kijito kimebaki, na kitalu mnakiona.

Wafanyakazi wawili waliletwa kung'oa vigingi. Mama Syombua aliwakuta. Akawaambia hivi vilipigwa na serikali, na vitatolewa na serikali, si na watu wawili wenye mtaimbo ambao hata chifu hawajui. Wakaenda kwa chifu. Chifu naye ni Mkamba, akasema yeye hagusi kigingi. Basi vipo hadi leo, na rangi imeanza kubanduka. Mkipita hapo na jembe, zungukeni. Ua mkilikanyaga litaota tena, lakini kigingi mkikigusa mtajieleza wenyewe.

Siku yangu ya mwisho kazini, kabla ya sherehe yenu, niliteremka peke yangu. Ile mistari imekwisha. Maua yamejirushia mbegu yalikotaka, yamejaa ukingo wote hadi kwenye mawe, na Mama Syombua ananung'unika kila akipita kwamba watu watasema hajui kupanda. Nilisimama pale nikitaka kuaga, nisijue ua linaagwaje, na machozi yakanitoka. Sikuwa nimeona kwamba Mama Syombua yuko pale chini, anachota maji. Alisuuza kikombe chake, akakijaza, akanipa.

"Kunywa, Baba Mwende," akasema. "Maji iko."